Kabla hujauza ng'ombe kumtoa mtu rumande

Katika ukoo wetu mimi ndiye mwenye hati ya shamba isiyo na mkopo, kwa hiyo mtu akikamatwa, simu ya kwanza hupigwa kwangu. Nimedhamini wapwa, majirani, hata mume wa binamu yangu ambaye hatusalimiani. Mimi si wakili, lakini korti nimeizoea.

Familia nyingi huuza mali kabla hata ya kumsikia hakimu. Jumapili ng'ombe anatolewa kwa bei ya kutupa, Jumatatu dhamana inatajwa na pesa hazitoshi. Tulieni kwanza. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, na saa hizo zikiisha korti ikiwa imefungwa, apelekwe siku inayofuata ya kazi. (Ndiyo maana kamatakamata ya Ijumaa jioni inaogopwa hivyo.) Kifungu hicho hicho kinampa haki ya kuachiliwa kwa dhamana au bondi (ahadi ya kurudi kortini, ambayo mara nyingi huwekewa mali kama hati ya shamba) yenye masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuilia. Hata anayeshtakiwa kwa mauaji anaweza kuomba. Na kama kosa adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hafai kuwekwa rumande kabisa. Wachuuzi wanaosombwa na kanjo, yaani askari wa kaunti, walijue hilo.

Shida ni kwamba hakimu hajui mfuko wako. Kijana anaulizwa kuhusu dhamana, anajibu, "Naomba iwe nafuu, mheshimiwa," kisha anainamisha kichwa. Nafuu kwa nani? Mpwa wangu wa bodaboda aliwekewa shilingi 100,000 pesa taslimu. Kesi ilipotajwa tena tulikuwa tumemwandaa: alieleza kwamba pikipiki ni ya mkopo, siku njema humwachia kiasi gani, anaishi wapi, ana watoto wangapi, na kwamba mjomba wake yuko pale nyuma na hati mkononi. Nikasimama nionekane. Ikashuka hadi 20,000. Sheria yenyewe inasema dhamana isipite kiasi, na hakimu akikataa kuipunguza, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iipunguze.

Ukija kudhamini, njoo asubuhi. Beba kitambulisho halisi, hati halisi, matokeo ya karibuni ya upekuzi kutoka ofisi ya ardhi (karatasi inayoonyesha shamba ni la nani na kama lina mkopo), thamani ya shamba, picha ndogo na PIN ya ushuru. Karani huanza na jina. Kama kitambulisho kina majina matatu na hati ina mawili, jiandae kurudi nyumbani. Nimemwona mzee akirudishwa kwa sababu ya herufi moja, na kijana wake akalala ndani wikendi nzima.

Wanaolipa taslimu wahakikishe risiti imeandikwa jina la mwenye pesa. Dhamana si faini: mshtakiwa akihudhuria kesi yote, pesa hurudi, na hurudi kwa aliye kwenye risiti. Nimeona ndugu wakikosana juu ya hilo kuliko juu ya kesi yenyewe.

Akipatikana na hatia, bado kuna nafasi ya kuongea, na wengi huiacha ipite. Mwaka 2017, katika kesi ya Francis Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kosa la mauaji, bila kupima maombi ya mfungwa ya kupunguziwa adhabu, ni kinyume cha Katiba. Kama maneno hayo yana uzito kwa mtu anayekabiliwa na kifo, mwizi wa kuku naye asikae kimya. Aseme kama ni kosa la kwanza, aseme anauguza nani. Faini ikimshinda, aombe muda wa kuilipa, au aulize kama anaweza kupewa kazi ya jamii badala ya jela.

Na siku alizokaa rumande lazima zizingatiwe katika kifungo. Kifungu cha 333 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinasema hivyo. Msisubiri mtu akumbuke. Mshtakiwa mwenyewe ataje kwa sauti tarehe aliyokamatwa, na nyinyi muwe na nakala ya karatasi ya mashtaka inayoionyesha.