Muulize Shangazi: Mume wangu anakwepa vipimo vya mgodini

Shikamoo shangazi. Mume wangu yuko mgodini huko Geita, anakaa kule wiki mbili ndo anarudi. Kazini kwao wameleta programu ya afya, wanapima presha, sukari, mapafu, kuna na mtu wa ushauri, jioni mazoezi. Wenzie wanaenda, yeye hataki kabisa, anasema ukikutwa na presha mkataba hauongezwi. Na usiku anakohoa, karibu mwezi sasa. Nimfanyeje?
Mama Junior, Igoma, Mwanza

Marahaba mwanangu. Hofu ya huyo mkwe wangu usiicheke, mtu wa mkataba anaogopa hata kuitwa ofisini. Ila presha ikijulikana mapema anameza dawa na kazi anapiga, isiyojulikana ndo inayomwangusha mtu akiwa kwenye usukani wa mtambo. Alafu kupimwa sio hisani ya bosi, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri awapime watu wake.

Mi kinachonikosesha usingizi ni hicho kikohozi. Vumbi la mwamba lina kitu kinaitwa silika, chembe zake ndogo hata huzioni, zinaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu zinaacha makovu, miaka inapita mtu anajiona mzima, siku anashangaa kupanda ngazi tu anahema. Hiyo ndo silikosisi, haina dawa ya kuiponya, na inaifungulia TB mlango. Ndo maana picha ya kifua ya mwaka huu ina thamani, mwakani wanailinganisha na mpya, wakiona mabadiliko anatolewa kwenye vumbi kabla hajaharibika zaidi. Masikio nayo hivohivo, kelele za mitambo zinayaharibu taratibu. Jirani yangu hapa Kirumba alikuwa mchorongaji, yaani mtoboa miamba kwa mashine, redio yake tulikuwa tunaisikia mtaa mzima, yeye anadhani imeharibika spika.

Mazoezi ya jioni mi sina ugomvi nayo, ila mtu katoka shifti ya masaa 12 ukimwambia aruke kamba, jamani, mwache alale. Na wasije wakaleta mipira na fulana wakasahau kumwagia maji sehemu ya kuchoronga na kuweka feni za kuvuta hewa, vumbi linazuiliwa pale linapotokea, barakoa ni ya mwisho.

Kila akipimwa aombe nakala ya majibu, muweke sanduku moja na cheti cha ndoa. Ikithibitika ugonjwa umetokana na kazi, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na hapo karatasi zitasema kuliko mdomo.

Akirudi usimpokee na hotuba. Mpe sato wake ale ashibe, ndo umwambie kikohozi kikizidi wiki mbili kinapimwa makohozi, na dawa za TB hospitali za serikali ni bure. Asubuhi muongozane kituo cha afya, asipande gari la Geita kabla.