Mkishindwa jukwaani, shindweni kweli

Wadogo zangu, juzi nimekaa kwenye mazoezi yenu ya igizo pale karibu na Mwaloni, Mwanza, harufu ya dagaa ikiingia bila kiingilio, nikaona yaleyale. Shujaa anaanguka, na kabla vumbi halijatulia ameshainuka kuhutubia: "Tusikate tamaa, ndugu zangu!" Nani kamuuliza? Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo nitafoka.

1. Karirini mistari. Hilo halina maelezo.

2. Msiba upeni kazi ya mikono. Yule dada anayecheza mama wa mvuvi alipopewa habari za mwanawe aliendelea kuchambua dagaa, kisha akaanza kurudisha wenye mchanga kwenye ungo wa walio safi, haoni. Nilitaka kusimama nimpigie makofi. Mwongozaji akamwambia alie zaidi, kile kilio cha Bongo Muvi. Mwongozaji, tutaongea.

3. Msiongeze mwisho. Hapa nina deni langu. Ujanani tuliiandaa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya Vita vya Maji Maji, ile ya 1969, tukaipeleka uwanja wa shule moja huko Igoma. Mnajua inavyokwisha: maji hayakuzuia risasi, watu wamekwisha, Kinjeketile amefungwa. Kitunda, mwenzake vitani, anamsihi akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, maana akikiri, watoto wataambiwa kupigania nchi yao lilikuwa kosa. Mwandishi kaweka kalamu chini. Mimi nikaona wazazi wataondoka wamenuna, nikabandika sini ya Desemba 1961: bendera, kwaya, na kwa kuwa watu hatukutosha, hata marehemu waingie waimbe. Kinjeketile wetu akakimbilia nyuma ya kanga tulizotundika kuwa pazia, akavua minyororo, akavaa shati jeupe. Damu ya rozela ikagoma kutoka shavuni. Alipotokea na bendera, mtoto wa mstari wa mbele akapaza sauti: "Kumbe hajafa!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kitunda naye akacheka, mshenzi yule. Ubeti wa pili tuliuimba watu wakikunja viti, wakidhani ni wimbo wa kufunga shughuli, na mama mmoja akimwita mwanawe wawahi daladala ya Buzuruga.

Kinachoniuma mpaka leo ni hiki. Kinjeketile Ngwale wa kwenye historia alinyongwa Agosti 1905, vita ndiyo kwanza inaanza. Hussein alimbakiza hai makusudi, aione vita ikimshinda, aulizwe, akatae akiwa hana kitu mkononi. Tumaini lote la mchezo limekaa kwenye kukataa kule. Mimi nikampokonya nikampa shati. Mtazamaji anajua uhuru ulikuja. Hakuhitaji kuoneshwa kwa bendera ya karatasi.

4. Bugobogobo, ile ngoma ya majembe, kila mwisho wa onyesho, hapana. Tunajua mnaweza kurusha majembe. Mkitaka kuona mtu anavyoshindwa kwa Kisukuma, nendeni mkaangalie Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, kwenye tamasha la Bulabo pale Bujora, Kisesa, mwezi wa sita. Ngoma zinapigwa kwa wakati mmoja na watazamaji wanahama kwa miguu yao kwenda kwa anayewavutia. Wingi wao ndio hukumu. Wengi mnakwenda kumpiga picha anayejaza watu. Simameni upande unaokimbiwa. Manju, kiongozi wa ngoma, hawabembelezi wanaoondoka. Anabadilisha wimbo, anamrushia mpinzani kijembe kipya, wachezaji wake wanatoka jasho mbele ya wazee wanne na mbuzi. Hapo ndipo pa kujifunzia uigizaji, na hakuna ada.

5. Sauti. Upepo wa ziwa jioni unabeba maneno. Semeni na mstari wa nyuma.

6. Anayekata tamaa si msaliti. Mnamchezesha macho ya wizi na sauti ya fisi, kwa hiyo mwenzake akikataa hakuna kilichokataliwa. Kitunda ni baba mwenye mke na binti, anataka kurudi nyumbani. Ukimcheza mtu mbaya, Kinjeketile anashinda mjadala kirahisi na sisi tunapiga miayo. Ndiyo maana nakuambia wewe kijana unayecheza baba anayetaka kuuza mtumbwi wa marehemu: punguza ukali, msihi mkeo kwa dhati. Deni lipo, nyavu zimechakaa, hoja ni yako. Nataka nusu ya uwanja iwe upande wako mpaka yule mama anyanyue kasia.