Kabla hujaiwasha upya seva iliyo mbali

Nilishawahi kuipoteza seva usiku mzima kwa sababu ya kujaa kwa /boot, sehemu ya diski yenye faili za kuwashia mfumo. Nilisasisha keneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux, ujumbe wa hitilafu ukapita katikati ya maandishi mengine bila mimi kuuona, nikaandika reboot. Nikangoja dakika tano, kumi, nusu saa. Faili ya initramfs, ile inayobeba draiva za kuifikia diski, ilikuwa imeandikwa nusu. Keneli mpya iliamka, ikaikosa diski, ikasimama. Watu walikosa huduma hadi asubuhi, maana sikuwa na mlango mwingine zaidi ya SSH, njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao.

Tangu siku hiyo siigusi keneli ya seva iliyo mbali kabla sijajua mambo mawili: nitaingilia wapi SSH isipopatikana, na seva itarudije yenyewe kwenye keneli ya zamani.

Mlango wa pili ni konsoli, yaani skrini na kibodi ya seva unayoitumia ukiwa mbali. Ukikodi VPS (seva pepe), mara nyingi utaipata kwenye ukurasa wa kusimamia seva. Mashine kamili huwa na IPMI, mfumo wa kuisimamia ukiwa mbali, au iDRAC kwa za Dell na iLO kwa za HPE. Usitosheke kujua kwamba ipo. Ifungue, uingie hadi ndani. Wengi tumezoea funguo za SSH kiasi kwamba nenosiri tumelisahau, na konsoli inataka nenosiri.

Angalia nafasi kwa df -h /boot, kisha sakinisha huku ukisoma kila mstari. Kama unatumia moduli za nje, vipande visivyokuja na keneli yenyewe, kama mfumo wa faili wa ZFS, dkms status ikuonyeshe kwamba zimejengwa kwa keneli mpya. Zisipokuwepo, usiwashe upya.

Sasa jambo ambalo lingeniokoa usiku ule. Keneli ya kuwasha huchaguliwa na programu iitwayo GRUB. Kwenye Debian au Ubuntu, weka GRUB_DEFAULT=saved ndani ya /etc/default/grub, ongeza panic=30 kwenye GRUB_CMDLINE_LINUX, halafu endesha update-grub. Kwa grub-set-default chagua keneli ya zamani, ile unayojua inafanya kazi. Kwa grub-reboot chagua mpya. Amri hii ya pili ni ya safari moja tu: mashine ikiwaka tena baada ya hapo, inarudi kwenye ya zamani. Keneli ikiwa ndani ya menyu ndogo, taja menyu kwanza, kisha alama ya > na jina lake. Ile panic=30 ina kazi kubwa, kwa sababu keneli ikianguka kwa kawaida hukaa hapohapo ikimngoja mtu. Ukiiweka, baada ya sekunde 30 mashine inajiwasha upya. initramfs-tools, programu inayotengeneza initramfs, nayo huitii, badala ya kukufungulia ganda la amri usiloweza kulifikia.

Kuna mtego hapa. Kama /boot iko ndani ya LVM au RAID ya programu (njia za kugawa au kuunganisha diski kwa programu), GRUB haiwezi kuandika kwenye faili yake ya kumbukumbu, hivyo ile safari moja haifutiki na mashine itaendelea kurudi kwenye keneli mbovu. Hapo tegemea konsoli.

Kuna pia hali ya keneli kuwaka vizuri ila mtandao usiwake, pengine kadi ya mtandao imebadilika jina. panic haisaidii, kwa kuwa hakuna kilichoanguka. Mimi huweka kwenye cron, kiratibu cha kazi za mfumo, mstari wa @reboot unaosubiri dakika 15 kisha kuwasha upya, kwa sharti kwamba uname -r inaonyesha keneli mpya. Bila sharti hilo hata keneli ya zamani itajizungusha bila kikomo. Nikifanikiwa kuingia, nauua mchakato huo na kuufuta mstari wake.

Kisha naangalia systemctl --failed na dmesg, nahakikisha diski zote zimepachikwa, na hapo ndipo grub-set-default naielekeza kwenye keneli mpya. Ya zamani naiacha ndani ya /boot kwa wiki kadhaa, nafasi ikiruhusu.