Yule daktari mliyemuua Jumamosi ni wa nani?

Wadogo zangu, Jumamosi mlisoma hadithi mbili, na zote mbili zilikuwa mchezo wetu wa mezani wa wiki iliyotangulia, ule wa kuigiza wahusika na kurusha dadu: chombo kile kile cha angani, moto ule ule ghalani, daktari yule yule anakufa ukurasa wa tatu. Nilimaliza chai yangu, nikapanda boda hadi Ntinda, na usingizi ukanikataa. Nawapenda mno, siwezi kunyamaza; haya hapa matano juu ya kuandika hadithi za sayansi.

1. Nenda mwenyewe. Aliyeweka kituo cha roketi pale Kayabwe katika hadithi yake amefikiri vizuri: kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupewa kasi hiyo bure. Lakini Kayabwe yako haina vumbi, haina malori ya Masaka, haina hata mtu anayeuza kitu. Ni kilomita sabini na kitu tu kutoka Kampala! Panda taksi, shuka pale kwenye mstari, piga picha yako, kisha ukae saa nzima simu ikiwa mfukoni. Na yale maji wanayowaonyesha watalii yakizunguka kwenye karai, usiyatie kwenye hadithi ya sayansi. Mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kugeuza maji ya karai. Anayeyamimina ndiye anayeyageuza.

Mimi nilikwenda kwa basi hadi Malindi, kitambulisho cha taifa mfukoni, kwa sababu moja tu. Baharini karibu na mji ule, tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha kutoka jukwaa lao la San Marco setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei itokayo angani. Neno letu la Kiswahili lilifika juu miaka 52 kabla Uganda haijapata setilaiti yake ya kwanza. Nilikaa ufukweni siku mbili nikitazama maji matupu, na harufu ya ule mwani ndiyo iliyonipa sura ya kwanza ya hadithi yangu.

2. Piga hesabu. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kwa hiyo mhusika wako hawezi kugombana na mama yake aliye Mbarara neno kwa neno. Akikaripiwa saa nne kamili, huenda akasikia saa nne na robo, wakati mama ameshalala. Ugomvi wa hivyo ni mtamu zaidi, uandikeni.

3. Rasimu iwe mahali pawili. Umeme haungoji umalize sentensi.

4. Meza ya mchezo si daftari lako. Hapa nisikilizeni.

Kabla yenu tulikuwa watu watano, tukicheza kila Ijumaa usiku. Dada mmoja kati yetu alikuwa na mhusika fundi wa injini. Chombo kikianza kutetemeka, fundi yule alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, anasikiliza, halafu anasema ugonjwa uko wapi. Sote tulipenda jambo lile, na mimi nililipenda kama mwandishi, kwa kuwa ni sayansi sahihi: nje hakuna hewa ya kubeba sauti, lakini chuma kinaibeba. Usiku mmoja dadu ya pande 20 ikaangukia 1, mbaya kuliko zote. Injini ilikuwa inapasuka. Dada akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema fundi anafunga mlango kwa ndani ili wengine wapone. Hatukucheza tena usiku ule.

Nikaiandika. Bisibisi, injini, kifo, vyote. Mlango niliuacha, kwa kuwa niliona unarefusha hadithi. Fundi wangu aliteleza tu, akafa. Jarida moja la nje likaikubali na kunilipa. Nikawatumia wenzangu wote kwa furaha, nikangoja pongezi.

Dada alinipigia usiku. Hakupaza sauti. Akasema, "Kaka, yule ni baba yangu." Baba yake alikuwa fundi wa magari pale soko la Kisekka, Kampala, miaka mingi, na hivyo ndivyo alivyokuwa akisikiliza injini. Alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla hatujaanza kucheza. Kisha akasema, "Na hakuteleza. Alifunga mlango."

Nilimpelekea pesa zote za hadithi ile, akazikataa. Alichotaka ni mlango, nami sikuweza kumpa, maana hadithi ilikuwa imeshachapishwa. Ijumaa zilizofuata kiti chake kilibaki kitupu, na baada ya miezi michache meza yenyewe ikavunjika. Miaka minne baadaye hadithi ilipochapishwa upya niliomba ruhusa yake kwanza, nikaandika mlango, nikamsomea aya ile kwa simu. Alinirekebisha jina la spana.

5. Dadu inafaa mezani, kwenye karatasi haitoshi. Chezeni mweso, bao la kwetu Uganda: mashimo 32, kete 64, bahati haimo kabisa. Kete yoyote unaweza kuifuata nyuma hadi mkono ulioitoa, na kifo cha mhusika kinataka kufuatika hivyo hivyo.

Sasa, nyinyi wawili. Daktari yule wa Jumamosi aliundwa na mwenzenu anayekaa karibu na dirisha, yule aliyeangalia sakafu mlipokuwa mkisoma. Mpigieni kabla ya kuniletea rasimu ya pili, na mmuulize kwa nini daktari alirudi ndani ya moto.