Hema Vumawimbi wakati wa mwezi mpevu
Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza hema la watu wanne mlipige wapi Vumawimbi, ufukwe wa kaskazini mwa Pemba, mwezi ukiwa mpevu. Wakati huo ni bamvua, yaani bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, na maji hujaa zaidi siku moja au mbili baadaye. Tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Tafuteni mstari wa juu kabisa wa mwani mkavu, kisha msogee nyuma yake mpaka penye majani yaliyoota. Chini ya minazi msilale kabisa, tafadhali: nazi ikianguka, hema haliizuii. Vigingi vifupi hung'oka mchangani upepo ukivuma, kwa hiyo fungeni kamba kwenye mifuko iliyojazwa mchanga, muifukie kina cha kiwiko. Mlango uupe upepo mgongo. Sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, aarifiwe kabla hamjashusha mizigo.