ULIZA MFAMASIA: Mama hawezi kuacha tramadoli, ameshakuwa teja?

Swali: Habari dada mfamasia. Mama yangu ana miaka 58, mgongo unamsumbua mwaka wa tatu sasa. Hospitali walimwandikia tramadoli, zile kapsuli za kijani na njano, moja asubuhi moja jioni, sahivi anameza mpaka sita kwa siku na ananunua mwenyewe duka la dawa. Akikosa siku moja tu jasho linamtoka, anapiga miayo, tumbo linamkata, halali kabisa. Siku nyingine usingizi ukigoma anaongeza Valium. Mjomba anasema ameshakuwa teja, tuzitupe zote. Tufanyeje? (Binti, Morogoro)

Jibu: Mdogo wangu, kwanza kabisa msizitupe. Hiyo miayo na jasho ni arosto kweli, siwezi kukuficha, tramadoli ni jamii ya afyuni, ukoo mmoja na mofini, na mwili ukishaizoea miezi na miezi ukiikata ghafla lazima ulalamike. Ila mwili kuzoea dawa sio uteja. Teja anaitafuta dawa hata inapomharibia maisha, mama yako anatafuta kupumzika na maumivu, na akiitwa teja mbele ya watu ataanza kumeza kwa kujificha, hapo ndo mtampoteza.

Sasa je, inamsaidia? Kwa maumivu makali ya muda mfupi, mfano baada ya upasuaji, hizi dawa zinafanya kazi nzuri sana na sina ugomvi nazo. Kwa mgongo wa miaka habari ni nyingine. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2018, walichukua watu 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, nyonga au magoti, nusu wakapewa dawa za jamii ya afyuni nusu dawa za kawaida kina parasetamoli, baada ya mwaka mzima wale wa afyuni hawakuwa wanafanya shughuli zao vizuri kuliko wenzao, na maumivu yao yalikuwa juu kidogo. Mwili unazoea, dozi inapanda, nafuu haipandi. Ndo maana mama katoka mbili kafika sita, yaani miligramu 300, wakati mwisho kwa mtu mzima ni 400, na mtu akizidisha anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa maisha yake yote.

Kinachonitisha zaidi ni hiyo Valium. Tramadoli inapunguza kasi ya kupumua, Valium nayo vilevile, mtu analala na asiamke. Aache kuongeza leo, na pombe pia. Mkimkuta anakoroma isivyo kawaida, hamuamshi akaamka, midomo imebadilika rangi, kimbieni hospitali usiku huohuo.

Halafu mrudisheni kwa daktari, na mumwambie ukweli kapsuli ni ngapi, sio ile mbili iliyoandikwa kwenye cheti. Kushusha dozi ni polepole, kwa aliyetumia zaidi ya mwaka mwongozo wa Marekani wa 2022 unataja kama asilimia 10 kwa mwezi, na kapsuli huwezi kuikata kwa kisu kwahiyo daktari ndo apange. Pia aulize kwanini mgongo haujapona!! Kwetu huku TB inaingia mpaka kwenye mifupa ya uti wa mgongo, na tramadoli inaweza kuyafunika maumivu huku mfupa unaliwa. Kama anakonda, homa za jioni, jasho la usiku hata asipokosa dawa, miguu inakosa nguvu au mkojo unatoka wenyewe, msisubiri wiki. Vikiwa havipo, mazoezi ya fiziotherapia na kutembea kila siku vitamsaidia, ingawa wiki za mwanzo atalalamika sana.

Swali: Baba ana saratani imefika kwenye mifupa, analia usiku. Wamempa mofini ya maji ila ndugu wanakataa, wanasema atazoea. (Kaka, Tanga)

Jibu: Pole sana kaka. Mpeni. Hapa faida inazidi hofu kwa mbali, na inaniuma mgonjwa anapolia usiku kucha wakati chupa iko kabatini. Wenzetu Uganda tangu 2004 sheria inaruhusu hata wauguzi waliofunzwa kuandika mofini, ili mgonjwa wa kijijini asikose. Apewe kwa saa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, msisubiri aanze kulia, na mpime kwa bomba la sindano lisilo na sindano maana vijiko vya nyumbani havilingani. Choo kitafunga, hilo karibu kila mtu linamkuta, ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo anayoanza. Siku za mwanzo atasinzia na kichefuchefu kinaweza kuwepo, mara nyingi vinapungua baada ya siku chache. Maumivu yakirudi kabla ya saa ya dozi msiongeze wenyewe, wapigieni watu wa tiba shufaa, yaani wale wa kutuliza maumivu ya wagonjwa wa maradhi mazito, waliomwandikia wapange upya. Na chupa ifungieni, watoto wasiifikie.