Kompyuta ukiizima inajiwasha yenyewe: pima RAM na draiva kabla ya kupiga Windows

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Unasema mashine yako ya mezani ukiizima inajiwasha tena yenyewe, siku nyingine skrini ya bluu ya kosa inatokea katikati ya kazi, na fundi anataka elfu ishirini apige Windows upya, yaani aifute na kuiweka tena. Nakuomba usimpe kwanza. Mimi nilipigiwa Windows mara tatu ndani ya mwezi mmoja kwa tatizo la namna hiyohiyo, na mara ya tatu faili za wateja wangu zilipotea. Windows haikuwa na kosa lolote.

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi hapa Tanga. Mashine ilianza kama yako: nabofya kuzima, inazunguka muda mrefu, halafu inawaka upya. Nilidhani swichi imekufa. Kumbe ilikuwa inaanguka, yaani Windows inakwama kwa kosa, wakati wa kuzimika, na Windows kwa kawaida imepangwa ijiwashe upya kila ikianguka, kwa hiyo skrini ya bluu inapita kabla hujaisoma. Anza hapo. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings ya sehemu ya Startup and Recovery, utoe tiki kwenye Automatically restart. Ikianguka tena, maandishi yatabaki. Yapige picha kwa simu.

Usitosheke na picha moja, kusanya tatu au nne. Draiva, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa, ikiwa mbovu mara nyingi hurudia: jina la kosa lilelile, wakati uleule, mfano kila ukizima au kila ukichomeka kifaa fulani. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, ikiwa mbovu haina mpangilio. Leo utaona MEMORY_MANAGEMENT, kesho IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, keshokutwa PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, kwa sababu chochote kitakachowekwa pale palipoharibika ndicho kitakachovurugika. Si kanuni ya kukatia shauri, maana draiva nayo yaweza kuandika mahali pasipo pake na ikaonekana kama RAM, lakini inakuonyesha pa kuanzia.

Yangu ilikuwa na yote mawili, ndiyo maana ilinisumbua sana. Kila nikizima lilikuwa linakuja DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Maana yake kuna kifaa kimeambiwa kizime au kilale, draiva yake ikashindwa kukamilisha. Nilifungua kumbukumbu za kuanguka zilizo kwenye C:\Windows\Minidump kwa BlueScreenView, programu ya bure ya NirSoft, na mara zote ikataja faili ya kile kidude cha Wi-Fi cha USB nilichonunua dukani. Nilikichomoa, mashine ikazimika vizuri siku ileile. Baadaye niliweka draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu yake, na mpaka leo nakitumia. Kama kwako shida ilianza baada ya draiva kusasishwa, ingia Device Manager, fungua kifaa chenyewe, nenda Driver, ubofye Roll Back Driver. Zile programu zinazoahidi kusasisha draiva zote kwa mkupuo, achana nazo kabisa.

Skrini za katikati ya kazi ziliendelea. Nilikuwa na RAM mbili, ya 4GB na ya 8GB. Niliweka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, nikawashia mashine humo, nikaiacha usiku kucha. Asubuhi nikakuta mistari myekundu. Hata kosa moja tu linatosha kuitilia shaka RAM. Nikachomoa waya wa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki uishe, nikasafisha meno ya RAM zote mbili kwa spiriti ya isopropili, kwa sababu hewa ya bahari hapa huacha utando. Kisha nikapima moja moja, kila moja katika kila tundu. Ya 4GB ilitoa makosa popote nilipoichomeka, ya 8GB ilipita kote. Kama kosa lingebaki kwenye tundu moja bila kujali RAM ipi, ningeigeukia mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta.

Hapo nikaelewa kwa nini kupiga Windows hakukunisaidia. Faili zote wakati wa kunakiliwa kwenda kwenye diski hupitia RAM, na zile zilizopita mahali pabovu ziliandikwa zikiwa zimeshaharibika. Windows mpya ilizaliwa mgonjwa. Ndivyo na faili za wateja zilivyokwenda, na hilo bado linaniuma, kwa hiyo nakili kazi zako kwenye diski ya nje kwa kutumia kompyuta nyingine nzima.

Ukiona Kernel-Power 41 kwenye Event Viewer, pale Windows inapoandika matukio yake, usitishike. Inasema tu kwamba mashine iliwaka bila kuzimwa vizuri, na umeme ukikatika huandikwa hiyohiyo. Ila kama inazima ghafla bila skrini ya bluu kabisa, angalia joto la prosesa na pawa saplai kabla ya RAM.

Weka hapa picha za skrini hizo, utaje una RAM ngapi na kama kuna kifaa chochote cha USB ulichoongeza karibuni. Nitazipitia jioni nikifunga kibanda.